Kwa Fuso ya Vitunguu Kwenda Kupiga Picha ya Ubongo wa Idrisa

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananipigia kwa wakati wake na kuniuliza jambo lile lile: ilikuwaje? Nimesimulia vipande vipande mpaka nimeanza kujichanganya mwenyewe. Basi naandika mara moja, msome wote. Habari za rufaa, bima na mihuri naziruka. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kusoma habari za mihuri.

Kwa wasiojua: dada yangu Mariamu ameolewa Kibakwe, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Idrisa, nilikwenda kumsaidia. Nimemaliza chuo, kazi sijapata, sikuwa na kisingizio. Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto akaanza degedege. Mkono mmoja unarukaruka, macho yanakwenda upande, midomo inachezacheza kama anayenyonya. Dawa ya kwanza haikusaidia. Ya pili ilimlegeza, lakini degedege likaendelea. Daktari wa huko akasema apelekwe Dodoma apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, maana alihisi huenda ni moja ya yale magonjwa adimu ya kuzaliwa nayo, ambayo mwili unashindwa kutumia chakula au vitamini fulani inavyopaswa.

Mtaani kwao, lakini, jibu lilishapatikana bila picha. Lilianzia kwa mama mkwe wa dada yangu, Bi Tatu, likaenda jikoni kwa jirani, likafika kisimani: Mariamu alimbana mtoto. Yaani uchungu ulipomzidi alifunga mapaja wakati kichwa kinatoka, mtoto akakosa hewa, ubongo ukaharibika. Neno hili mmeshalisikia. Sijui ni nani aliyeamua kwamba kila mtoto anayeugua lazima awe na mama aliyebana.

Mimi nilimuuliza Bi Tatu, kwa heshima zote, nani aliona.

"Mimi nilikuwa nje ya mlango," akasema. "Nilisikia."

"Ulisikia mapaja, mama?"



Kilichonitia hofu ni kwamba Mariamu hakujitetea. Mnamjua dada yangu; ndiye aliyekuwa akisimulia filamu kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Tangu neno hilo lianze kutembea, alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Kwa hiyo tuliondoka Kibakwe na mambo mawili ya kutatua: degedege la Idrisa, na neno lililomkaa moyoni mama yake.

Kibakwe hadi Mpwapwa

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mwingine, na basi la asubuhi lilishaondoka. Shemeji yangu Hamisi akatutafutia nafasi kwenye Fuso ya vitunguu iliyokuwa inakwenda soko la Majengo, Dodoma. Yeye mwenyewe alibaki kwa sababu nafasi zilikuwa za wanawake wawili mbele na mmoja kwenye kile kitanda cha nyuma ya kiti. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Bi Tatu hakuulizwa kama anakwenda. Alitokea amevaa baibui lake jipya, amempaka mtoto wanja mzito kwenye nyusi na nukta moja katikati ya paji la uso, ili macho ya watu yasimdhuru, akapanda.

"Nakwenda kuona mwenyewe hiyo picha inasema nini," alisema. Alisema akimtazama Mariamu.

Dereva anaitwa Lameck, Mgogo wa Mpwapwa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Bi Tatu ni wa uzao wa wale Wanyamwezi walioshuka na misafara zamani wakabaki Mpwapwa. Kwa hiyo wawili hawa ni watani, na walianza kabla injini haijapata moto.

"Panda polepole, bibi. Hongo ya kupita kwetu utalipa Dodoma."

"Hamjaacha tu ninyi? Babu zenu waliwatoza babu zangu hongo hata ya kunywa maji, na leo wewe unanitoza nauli ya kukalia vitunguu."

"Babu zako walikunywa mno, bibi. Ndiyo maana huku pamekauka."

Hata Mariamu alitabasamu. Kwenye kona za milimani nilikuwa natupwa kama gunia tupu, na harufu ya vitunguu ilikuwa inatoa machozi bila huzuni yoyote. Halafu katika mteremko mmoja Mariamu akasema, "Limeanza." Lameck akasimamisha gari bila kuuliza. Mkono wa Idrisa ulikuwa unaruka, ule ule wa kushoto. Mariamu akamlaza ubavu kama alivyofundishwa, akawa anamsemesha kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetania. Lilipopita, mtoto alikuwa mweupe midomoni na amelegea, na Bi Tatu alitoa kitambaa akamfuta mate. Kisha akasema, si kwa ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Kama hakubanwa, sasa haya yote yangetoka wapi?"

Hilo swali, lazima niseme, lilikuwa zuri. Mimi hupinga mambo kwa wepesi kuliko ninavyoyaeleza, na mpaka Mpwapwa nilikuwa nalifikiria. Ni kweli: kusema "si hivyo" hakutoshi kama huna la kuweka mahali pake.

Mpwapwa tulikunywa chai ya tangawizi na chapati. Mtu wa meza ya jirani alipoona mtoto akatushauri tusimpeleke hospitali, eti mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Nilimuuliza amewajua wangapi. Akasema hiyo haihitaji kujua. Bi Tatu akanishika mkono akasema, "Mwanangu, maliza chapati."

Mpwapwa hadi Kibaigwa, kinyume na ramani

Hapa sasa anaingia Pendo. Pendo ni mtaalamu wa mashine ya MRI kule Dodoma, na tulikuwa tunawasiliana naye kwa simu. Alinieleza kwamba mtoto mchanga si lazima apewe dawa ya usingizi. Anafika akiwa na njaa na usingizi, ananyonyeshwa pale pale mlangoni mwa mashine, anafungwa kwa nguo kama furushi, analala mwenyewe, wanampiga picha. Kwa hiyo masharti yalikuwa mawili: anyonye mara ya mwisho tukiwa tunaanza kipande cha mwisho cha safari, na njiani asilale.

"Asilale?" Lameck akauliza. "Mtoto? Ndani ya gari?"

Tulipofika barabara kuu baada ya Kongwa, nilikuwa naangalia ramani kwenye simu. Dodoma iko magharibi. Fuso ikakunja kwenda mashariki.

"Kaka Lameck, Dodoma ni huku nyuma."

"Najua, dada. Tunapitia Kibaigwa kwanza. Tairi langu la akiba liko kule kwa fundi."

"Kwa hiyo tumeshuka ile milima yote bila tairi la akiba?"

"Ndiyo," akasema kwa furaha. "Na umeona? Tumeshuka."

Sijui chuo gani kinafundisha jinsi ya kubishana na hoja kama hiyo.

Kibaigwa

Mliokwisha kupita Kibaigwa wakati wa mahindi mnajua: malori yamepangana pande zote mbili za barabara, madalali wanakimbia huku na huku na vibomba vya kudunga magunia na kutoa sampuli ya mahindi, kila mtu anauza au anazuia mwingine asiuze. Fundi wa tairi alikuwa ameenda kula. Lameck akasema tunaondoka sasa hivi. Mimi, kwa kuamini masharti ya Pendo, nikasema basi Idrisa atanyonya tutakapoondoka, yaani sasa hivi.

Hiyo "sasa hivi" ilitutosha kuagiza ugali, nyama ya mbuzi na mlenda, kula na kunawa. Bi Tatu alimwambia Lameck kwamba Mgogo akinyimwa mlenda hata gari lake haliwaki. Lameck akajibu kwamba Mnyamwezi hanyimwi chochote kwa sababu ameshakimaliza. Wakati huo Idrisa alikuwa ameanza kulia, na kilio chake kikapanda juu ya kelele zote za soko.

Mama lishe akaja na mwiko mkononi.

"Mtoto ana njaa."

"Tunajua," nikasema.

"Mnajua, na mnamwangalia?"

"Asinyonye kwanza. Mpaka gari liondoke."

Nilipolisikia hilo likitoka kinywani mwangu nilielewa kwamba limekaa vibaya. Mama lishe akawatazama wenzake. Dalali mmoja akaacha gunia lake, wa pili akafuata, na mara tukawa katikati ya duara la watu.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Mbona wamempaka wanja mwingi hivyo? Wanamficha sura?"

"Gari lenyewe limetoka wapi, na limegeuza wapi?"

"Mama wa mtoto ni yupi? Aseme mwenyewe!"

Wote wakamtazama Mariamu, na Mariamu, kwa mazoea aliyokuwa ameyapata wiki hizo, akainamisha kichwa. Alionekana hasa kama mtu aliyeiba mtoto. Nikaanza kueleza habari za sumaku na usingizi wa asili. Nawashauri msijaribu kueleza MRI kwa madalali wa mahindi huku mtoto analia.

Bi Tatu akasimama. Ni mfupi, lakini sauti yake si fupi.

"Nyie! Huyu ni mke wa mwanangu. Amemzaa huyu mtoto, mimi nikiwa mlangoni. Mtazameni kifua, kanga imelowa maziwa. Mwizi gani anaiba mtoto na maziwa yake?"

Watu wakatazama, kisha wakaona haya, wakatazama mahindi. Mama lishe akalegeza mwiko.

"Basi anyonye, mama, tumsikie akinyamaza."

Idrisa akanyonya mbele ya soko zima la Kibaigwa. Dalali mmoja akasema, "Huyo ni mtu mzima kabisa, anakula bila salamu." Fundi wa tairi akatokea, tairi likapakiwa, na mama lishe alikataa kabisa kulipwa mlenda. Nilichokumbuka barabarani ni kwamba Bi Tatu alikuwa amemtetea Mariamu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa ajili yake. Nadhani hata yeye ilimshangaza.

Kibaigwa hadi Dodoma, au jinsi ya kumzuia mtu asilale

Aliyeshiba hulala. Idrisa alikuwa amelala kabla hatujafika njia panda ya Kongwa. Tulimtekenya nyayo. Tulimpulizia usoni. Lameck alipiga honi, malori ya mbele yakatupisha, mtoto akakoroma. Lameck akaimba nyimbo za kwaya, zote alizozijua, kwa ile sauti yake nyembamba.

"Lameck, mwanangu," Bi Tatu akasema, "hata mimi nasinzia."

Nikamvua soksi. Mariamu akamwekea kitambaa kilicholowa nyuma ya shingo. Idrisa alifungua jicho moja, akatutazama kama mtu anayekumbuka sura za kushtakiwa baadaye, akalifunga. Tulipoyaona majengo ya Dodoma nilikuwa na hakika kwamba atafika amelala, ataamka kwenye mashine, na safari nzima itakuwa ya bure.

Lameck alikataa kutushusha mbali na kutupakia kwenye bajaji. Alitupeleka mpaka lango la hospitali. Mlinzi akaizunguka Fuso.

"Mzigo gani?"

"Vitunguu, na mgonjwa."

"Mgonjwa apite. Vitunguu vina rufaa?"

Lameck akamwachia viwili, akaenda zake Majengo.

Mlangoni mwa mashine

Pendo alikuwa mdogo kuliko sauti yake ya simu. Akamwamkia Bi Tatu shikamoo, akamtazama Idrisa, akasema, "Mzuri sana. Wanja utoke."

"Wanja umemkosea nini?" Bi Tatu akauliza.

"Mashine hii ni sumaku kubwa, mama. Wanja mwingine una unga wa madini ndani yake. Unaharibu picha."

"Na macho ya watu je?"

"Huko ndani hakuna watu, mama. Ni mimi tu, na mimi namtakia mema."

Bi Tatu akalifikiria hilo, akalikubali. Nikatumwa nje kutafuta mafuta ya alizeti kwa muuza maandazi, tukamfuta mtoto nyusi na paji la uso, tukamwosha, na hapo ndipo Idrisa alipoamua kuamka. Si kuamka kidogo. Macho yalikuwa kama ya bundi. Mariamu akamnyonyesha, akanyonya na macho yamefunguka. Bi Tatu akamfunga kwa kanga, imara, mikono ndani. Pendo akamziba masikio kwa pamba na vifuniko juu yake. Mtoto akatutazama sote kwa zamu.

"Asipolala?" nikauliza.

"Tunasubiri. Asipolala kabisa, tunampangia siku nyingine na dawa. Na kelele ndiyo shida yetu. Wengine wanalala vizuri, mashine ikianza kugonga wanashtuka."

Alimwingiza hivyo hivyo, aanze na picha fupi ya majaribio. Mariamu aliruhusiwa kukaa karibu naye, akiwa amevua kila chuma. Mimi na Bi Tatu tulitazama kupitia kioo. Mashine ikaanza. Kelele yake tuliisikia mpaka huku, du-du-du-du, kama inataka kutoka ukutani. Nikafumba macho kwa niaba ya mtoto.

Nilipofumbua, Pendo alikuwa amekaribia kioo. Macho ya Idrisa yalikuwa yanashuka. Yakafunga.

Pendo akageuka. "Huyu amezoea nini?"

Bi Tatu akacheka mpaka akashika meza. Hamisi ana mashine ya kusaga nafaka. Iko ukuta mmoja na chumba cha kulala. Mtoto huyo tangu azaliwe amelala kwa kelele; ukimya wa hospitali ndio uliokuwa unamsumbua.

Picha safi

Daktari wa watoto, Daktari Neema, alituita baadaye akatuonyesha picha kwenye kompyuta. Ubongo wa mtoto mchanga umekunjwakunjwa kama kabichi dogo. Akatueleza kwamba hakuna kovu, hakuna uvimbe, hakuna damu. Kuna ukanda mmoja tu katikati, ule unaounganisha upande wa kulia na wa kushoto, ambao ni mwembamba kidogo kuliko kawaida.

Bi Tatu akasogeza kiti.

"Kwa hiyo hamkuona kitu? Tumekalia vitunguu toka Kibakwe kuja kuona hakuna kitu?"

"Kutoona ndiko kumetusaidia, mama. Kwa mtoto kama huyu, jambo la kwanza tunalolidhania ni kwamba alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ingekuwa hivyo, kwa degedege kali namna hii, tungetegemea kuona madhara hapa, na hapa." Akaonyesha kwa kalamu. "Pako salama. Sasa, kwa ukanda huo mwembamba, nafikiria kemia ya mwili. Kuna watoto wachache sana ambao miili yao haiwezi kuitumia vitamini B6 kama sisi. Ubongo unaikosa, unawaka degedege, na dawa za kawaida hazifui dafu."

Mimi nikauliza, "Na picha ndiyo imesema ni ugonjwa huo?"

"Hapana," akasema, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. "Picha haitaji jina. Imeondoa kitu kimoja na kunipa sababu ya kutafuta kingine. Nitampa B6, vidonge vile vile wanavyopewa wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na dawa zao. Tutamlaza na kumwangalia kwa karibu, maana dozi ya kwanza inaweza kumlegeza hata kupumua. Damu na mkojo tutavipeleka nje kupimwa, kupata uhakika."

Bi Tatu alikuwa bado anaitazama picha.

"Na alama ya kubanwa?"

"Kubanwa na nani?" Daktari akauliza.

Nilikuwa na majibu matatu tayari mdomoni. Lakini aliyeongea ni Mariamu, aliyekuwa hajaongea na mgeni yeyote tangu Kibakwe.

"Na mimi. Wanasema nilimbana wakati anazaliwa."

Daktari Neema akaweka kalamu chini. Akamgeukia yeye, si sisi.

"Mariamu, nimeutazama ubongo wa mwanao wote. Sioni dalili yoyote kwamba alikosa hewa. Hukumfanya chochote."

Mariamu akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia, kilio kikubwa cha kelele, kama ndiyo kwanza anajifungua. Bi Tatu alitazama ukuta. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ile kanga.

Wodini

Idrisa alipewa B6 akiwa ameunganishwa na nyaya zinazopima moyo na pumzi. Alilegea kweli, tukatishika, wauguzi wakasimama karibu. Kisha akatulia. Tulisubiri degedege. Mimi nililala kwa shangazi Majengo, nikawa naleta uji na wali, na kila nikifika naanza kwa swali lile lile: limerudi? Kila mara Mariamu anasema, "Bado." Siku ikapita, nyingine ikapita, na "bado" ikageuka polepole kuwa habari njema.

Mnanijua, nilimuuliza daktari kama haiwezi kuwa bahati. Akasema inaweza, ndiyo maana wanapima. Majibu ya nje bado tunayasubiri ninapoandika. Akasema pia kwamba kama ni ugonjwa huo, vidonge ni vya maisha, na kwamba wataendelea kumfuatilia jinsi anavyokua, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi kila kitu. Nimeyaandika haya ili msiende kutangaza muujiza.

Kurudi Kibakwe

Tulirudi kwa basi, na hakukuwa na lolote la kusimulia isipokuwa kwamba Idrisa alilala njia nzima na hakuna aliyemzuia.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake. Pilau, maulidi, mtoto amenyolewa. Mariamu alikaa kitandani, mlango wazi, kama mzazi anavyokaa. Baada ya kula, jirani mmoja, yule aliyelifikisha neno kisimani, akauliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Na ile habari ya kubanwa iliishia wapi?"

Nilifungua mdomo. Bi Tatu akanitangulia.

"Nani aliyeisema?"

Wote walijua ni nani.

"Mimi ndiye niliyeisema," akasema. "Nilisikia nje ya mlango, na nje ya mlango si ndani. Mwanangu hakumbana mtu. Nimeuona ubongo kwa macho yangu, mweupe, hauna alama. Atakayelisema tena aje kwanza aseme na mimi." Akavuta pumzi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa anamsikiliza, hakuona sababu ya kuishia hapo. "Mashine yenyewe mnaijua? Kubwa! Kama tangi la maji la shule!"

Kutoka chumbani ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi, ile ya msimulia filamu.

"Mama, tangi la shule lingeingia ndani yake, na sisi tukabaki na nafasi ya kukaa!"

Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakahamia mlangoni kwake kusikia zaidi, na Mariamu akaanza toka mwanzo kabisa, akisimulia hata kwa mikono. Mimi kule Dodoma niliitazama mashine ile kupitia kioo, nikaipima kwa macho. Haikufika hata nusu ya tangi. Nikachukua sahani yangu, nikakaa chini, nikasikiliza.